Baba Alikuwa wa Wote, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, sogea tuzungumze. Arobaini ya baba imepita, maturubai yamekunjwa, wageni wametawanyika, na sasa ndiyo kilio chenyewe kinaanza. Usione aibu. Wengi hujikaza siku ya mazishi, wakahangaika na chai na masufuria, kisha machozi yakawavamia wiki kadhaa baadaye wakiwa ndani ya daladala.

Kwanza tua hiyo lawama uliyojitwika. Usiku hulali, unajiuliza: mtu aliyetibu watu maisha yake yote, iweje sisi wanawe tusiuone ugonjwa wake? Mganga hajigangi, mdogo wangu. Wazee wa kazi ile wengi wao hujipima wenyewe, hujiandikia dawa wenyewe, na ukiwauliza wanakujibu, "Uchovu tu, mwanangu." Alikuficha kwa sababu hakutaka uache kazi yako ukimbilie nyumbani. Huruma yake kwako usiigeuze kesi dhidi yako.

Lililo gumu zaidi ni kinyongo, na najua unacho. Msibani walisimama watu usiowajua, mama aliyezalishwa usiku wa mvua, mzee aliyetibiwa bure, kila mmoja akilia "baba yetu". Moyoni ukasema, mbona usiku huo sisi tulilala bila kumwona? Wivu huo si dhambi. Ila ukiuacha utachacha kama uji, na mwisho utamkumbuka baba kwa alichokunyima tu.

Humo ndimo linamozaliwa neno linaloniuma kila nikilisikia kwa watoto wa madaktari wastaafu: "Daktari mzima, ametuachia nini?" Taratibu, mpenzi. Jua kwanza alifanya kazi enzi gani. Mwaka 1977 Tanzania ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida, na zikaja kuruhusiwa tena mwaka 1991. Ikiwa baba alikuwa kijana miaka hiyo, basi nguvu zake ziliishia kwenye mshahara wa serikali, pengine katika wilaya ya mbali, akisubiri dawa zifike kutoka Dar es Salaam. Fedha hakuwaficheni, hazikuwapo. Kwa hiyo msinuniane kwa kiwanja kimoja na kile kipimo chake cha kusikilizia moyo. Ndugu wakishafikishana mahakamani, hata wakishinda, kula sahani moja tena huwa shida.

Na mambo ya vitendo yasikupite kwa sababu ya huzuni. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Kama mmechelewa, nendeni RITA, wakala wa usajili wa vifo, sasa, maana bila cheti mirathi haisogei na anayeumia ni mama. Dawa zake za presha zilizobaki usimpe jirani, hata akikuapia kwamba ana presha hiyo hiyo. Mpelekee mfamasia. Na yale madaftari yenye majina ya wagonjwa, nakukanya kwa upendo: usiyasome, wala usiyapige picha ukayaweka mtandaoni eti kumbukumbu. Katika kiapo cha madaktari cha Geneva, siri ya mgonjwa hutunzwa hata baada ya mgonjwa kufa. Baba aliitunza, nawe itunze.

Kumbukumbu ya kweli iko kwa wale waliolia msibani. Watafute, chukua namba zao za simu, wakusimulie wakiwa bado hai. Hiyo nusu ya baba ambayo hukuipata iko kwao, na watakupa bila kinyongo. Ukiandika, andika na hasira zake, na ukimya wake akirudi kutoka zamu aliyompoteza mgonjwa. Usimfanye malaika, malaika hakulei.

Mwisho, usilie peke yako chumbani. Mama ndiye aliyeusubiri mlango ufunguliwe usiku miaka yote, na hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Mpigie leo, umuulize.