Kufundisha Uchunguzi kwa Kompyuta Isiyotulia

Kompyuta ya mezani tuliyoiunga wenyewe hapa Songea ilikuwa ikijiwasha upya ovyo, na maswali ya mtihani yakapotea mara mbili. Wanachuo waliulaumu umeme. Kabla ya mji kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 lawama hiyo ingaliaminika upesi. Lakini taa hazikufifia.

Mwalimu asikubali vipuri vitatu vibadilishwe pamoja: mashine ikipona, darasa halitajua kilichoiponya. Tulichomoa waya, tukaacha kibao kimoja cha kumbukumbu (RAM) kati ya viwili. Ikatulia siku nzima. Tukakiweka cha pili mahali pale pale, ikajiwasha upya. Tukakihamishia tundu jingine, ikarudia. Kila hatua iliandikwa daftarini kabla ya kugusa nyingine.