BETRI INALALA NA BASI LIMEPAKI TU? SOMA HAPA KABLA HUJANUNUA NYINGINE

Somo la leo ni kwa wenye duka ndani ya gari: basi, Hiace, kirikuu, chochote kile. Lakini hata kama una kibanda cha sola, usipite, hesabu ni zilezile.

Mimi duka langu ni Coaster ya zamani. Niling'oa viti, nikaweka shelfu na kaunta, nauza vifaa vya simu na kuchaji simu za watu hapa Dodoma. Siku za kawaida nimepaki sehemu moja, siku za mnada nawasha naenda. Injini nzima, mwili umechoka kidogo.

Sasa siku moja asubuhi ya mnada, mzigo nimeshajaza wa mkopo wa kikundi, napiga stata: kimya. Tukasukuma, haikuwaka. Nimefika mnadani saa 8 mchana, wenzangu wanafunga. Marejesho yalikuwa Jumatatu, nikaenda kukopa kulipa mkopo. Nikanunua betri mbili mpya, laki sita na nusu. Baada ya wiki sita, moja ikafa tena. Hapo ndipo nikasema hapana, hapa betri hazina kosa, kosa ni langu. Nikaazima mita, nikaanza kujifunza.

Nilichojifunza ni hiki.

1. USINYONYE BETRI MOJA KATI YA MBILI

Coaster yangu ya dizeli inatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kwa kufuatana. Vifaa vya dukani ni vya volti 12, kwa hiyo fundi akachukua umeme kwenye betri moja tu. "Dogo, hii haina shida." Taa zinawaka, redio inapiga, nikalipa.

Shida ilikuwepo. Injini ikiwaka, chaji inayopita kwenye betri zote mbili ni ileile. Ile inayonyonywa haijai kamwe. Ile nyingine imeshajaa, inaendelea kusukumiwa chaji mpaka inachemsha maji yake. Unaua mbili kwa mpigo, moja kwa njaa na nyingine kwa kuvimbiwa. Niliponunua mpya nikazifunga kwenye waya zilezile, ndiyo maana hazikumaliza hata miezi miwili.

Suluhisho: betri ya injini iwe ya injini tu, na duka liwe na betri yake.

2. BETRI YA STATA SIYO BETRI YA DUKA

Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha ijazwe. Ukiitumia taratibu mpaka iishe, inaharibika haraka. Kwa dukani tafuta betri za sola, zile zinazovumilia kutumika na kuchajiwa kila siku. Hata hizo, kama ni za maji au jeli, jitahidi usivuke nusu. Na usiiache imelala siku nyingi bila chaji. Ndani yake panaganda chumvi kwenye sahani, na ikishakuwa ngumu hata uchaji wiki nzima haitoki.

Pima kwa mita, betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika:
- 12.6 au zaidi: imejaa
- 12.4: robo tatu
- 12.2: nusu, acha kutumia
- 12.0: robo
- 11.9 kushuka: umeshaiumiza

Mita ya bei nafuu inatosha kabisa. Ni rahisi kuliko betri moja, mara nyingi sana.

3. TAFUTA MWIZI WA USIKU

Unakuta umezima kila kitu, umelala, asubuhi chaji imepungua. Kuna kitu kinakula.

Zima vyote, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Weka mita kwenye ampea 10, na waya mwekundu wa mita uhamie tundu la 10A. Ncha moja gusa hasi ya betri, nyingine gusa ule waya uliofungua. USIPIGE STATA wakati huo, utaunguza mita.

Subiri dakika chache isome vizuri. Ikiwa chini ya 0.05, uko salama. Mimi ilisoma 0.62. Zidisha kwa masaa 24, ni karibu ampea-saa 15 kila siku zinapotea bure!

Nikaanza kutoa fyuzi moja moja huku naangalia mita. Nilipotoa ya redio, ikashuka hadi 0.04. Kumbe redio imeungwa moja kwa moja, haizimiki hata ukitoa ufunguo.

4. PIGA HESABU YA SIKU NZIMA

Wati mara masaa. Yangu ilikuwa hivi:
- Taa 3 za wati 5, masaa 5: 75
- Spika wati 20, masaa 6: 120
- Chaji za simu wati 30, masaa 8: 240

Jumla 435. Gawa kwa volti 12, unapata kama ampea-saa 36.

Halafu inveta. Hii wengi hatuihesabu. Yangu ikiwa imewashwa bila kuchaji chochote inakula ampea 0.8. Masaa 16 yaliyobaki ni karibu 13. Jumla 49. Betri ya 100 nusu yake ni 50. Yaani nilikuwa ukingoni kila siku, wingu moja tu naanguka.

Nikahamisha simu kwenye chaji za USB za volti 12. Inveta nawasha kwa kazi maalumu, nikimaliza nazima.

5. KUUNGURUMISHA INJINI DAKIKA 20 HAKUSAIDII

Nilikuwa nafanya hivyo kila jioni. Unaunguza dizeli, na betri iliyoshuka sana inahitaji masaa mengi kujaa, siyo dakika. Gari lililopaki linataka sola.

Paneli ya wati 100 kwa jua zuri la masaa 5 ni 500, toa theluthi ya upotevu, unabaki na kama 330. Mimi nahitaji 435, haitoshi. Nikafunga wati 200 na kontrola yake. Paneli isiwe na kivuli. Mimi nilikuwa napaki chini ya mwembe kwa ajili ya ubaridi, nikahama.

6. SWICHI YA KUKATA

Nimefunga swichi kubwa kwenye betri za injini. Nikipaki, nakata. Nikienda mnadani, naunga. Hakuna kilichookoa hela yangu kama hiki kidude. Kwa upande wa duka, chagua kontrola inayokata umeme yenyewe betri ikishuka.

USALAMA: ukifungua betri, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Weka fyuzi karibu na betri kwenye kila waya mkubwa. Betri za maji zinatoa hewa inayolipuka, usivute sigara hapo na acha matundu ya hewa. Maji ya kuongeza ni yale ya betri, siyo ya bomba.

KILA JUMAPILI: pima volti, angalia maji, futa ungaunga kwenye vichwa vya betri, kaza nati.

Ndugu yangu, kabla hujanunua betri mpya, jiulize ile ya zamani iliuawa na nini. Usipomjua muuaji, ukileta mpya ataimaliza nayo.

Kazi njema.