Wawili Chumba Kimoja: Haki za Mwenzi wa Muda



Hutokea mara kwa mara kwamba ndugu aliyeingia karibuni katika Jumuiya, au mwanafunzi aliyefika mjini kwa masomo, hana mahali pa kulala mpaka apate chumba chake. Nawe humwambia, "Karibu, tutabanana." Hilo ni tendo jema. Lakini baada ya siku chache manung'uniko huingia: taa haizimwi, sabuni imekwisha, ufunguo hauonekani. Hakuna anayesema neno mbele ya mwenzake, bali kila mmoja huwaambia watu wa nje. Hivyo wema ulioanza kwa udugu huishia katika kusengenyana. Somo letu ni hili: kupatana mapema juu ya kanuni za chumba siyo uchoyo, bali ni sehemu ya haki ya mgeni.

Kurani Tukufu inapowahesabu wanaostahili kutendewa wema, pamoja na wazazi, jamaa, mayatima, maskini na majirani, inamtaja pia mwenzi aliye ubavuni, na msafiri (4:37, tukiihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Anayelala chumbani mwako kwa muda anaingia katika hao wawili.

Pengine utasema, "Naona haya kumwambia." Soma basi Sura Al-Ahzab, 33:54. Waaminio walifundishwa wasikae nyumbani kwa Mtume s.a.w. wakizungumza baada ya kula, kwani jambo hilo lilimwudhi, naye akaona haya kuwaambia. Haya yake ilikuwa sifa njema. Hata hivyo Mwenyezi Mungu hakuacha haki isisemwe.

Tuangalie sasa mfano wa Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe. Imo katika Sahih Muslim habari ya Mikdad r.a. na wenzake wawili, waliofika Madina wakiwa taabani kwa njaa. Mtume s.a.w. aliwapokea nyumbani, akawaonyesha mbuzi, akaagiza maziwa yagawanywe baina yao wote. Kila mmoja akanywa fungu lake, na fungu la Mtume s.a.w. likawekwa. Naye alipoingia usiku alitoa salamu kwa sauti ambayo aliye macho aliisikia, na aliyelala hakuamka. Usiku mmoja Mikdad r.a. alilinywa fungu lile, kisha akajuta. Mtume s.a.w. alikuta chombo kitupu, lakini hakugomba. Alimwomba Mungu amlishe yule atakayemlisha na amnyweshe yule atakayemnywesha. Kanuni ilikuwapo, na subira ilikuwapo pia.

Yeye naye alikuwa mgeni. Alipohamia Madina mwaka 622 alikaa kwa Abu Ayyub Ansari r.a. kiasi cha miezi saba. Alichagua chumba cha chini, kwa kuwa kilifaa zaidi. Abu Ayyub r.a. hakustarehe kukaa juu ya Mtume s.a.w.; akamweleza waziwazi, na Mtume s.a.w. akakubali kupanda juu. Kadhalika chakula chenye vitunguu saumu hakukila. Alipoulizwa kama ni haramu, alijibu kuwa si haramu, ila yeye hakipendi. Tazama, ndugu: hakugeuza asichokipenda kuwa sheria ya dini.

Nami nakiri kosa langu. Nilipokuwa mwanafunzi wa dini ng'ambo, nilimpokea mwenzangu chumbani kwa majuma machache. Kila usiku niliamka kwa tahajudi, nikawasha taa, nikasoma Kurani kwa sauti, nikidhani namwonyesha mfano mwema. Alipokwisha kuhama ndipo nilipopata habari kwamba alikuwa hapati usingizi, akaona haya kunizuia. Baadaye nikakutana na Hadithi iliyomo katika Abu Daud: Mtume s.a.w. aliwasikia watu wakisoma kwa sauti msikitini, akawakataza wasiudhiane wala mmoja asipandishe sauti juu ya mwenzake. Ikiwa msikitini ni hivyo, itakuwaje penye mtu aliyelala?

Basi usiku wa kwanza, baada ya chakula, pataneni juu ya mambo haya:

1. Muda. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hadithi inasema ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Wala mgeni asikae mpaka amtaabishe mwenyeji. Tajeni tarehe.

2. Gharama. Kodi, chakula, mafuta au umeme. Kama kuna deni, andikeni (2:283).

3. Usingizi na ibada. Saa ya kuzima taa na redio. Na anayeamka usiku aamke kwa upole.

4. Faragha. Kurani Tukufu imetaja nyakati tatu za kuomba ruhusa hata kwa watu wa nyumbani: kabla ya Alfajiri, adhuhuri mtu anapovua nguo, na baada ya Isha (24:59). Bisha hodi.

5. Dini. Kama mwenzako si Mwislamu, usimlazimishe kusali, kwani hakuna kulazimisha katika dini (2:257).

Kanuni hizo zimfunge mwenyeji kwanza. Na likitokea kosa, mwambie mwenzako mwenyewe, mkiwa wawili tu. Huenda mtu huyo hajasoma kitabu hata kimoja juu ya Islam. Kitabu atakachokisoma kila siku ni wewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wema kwa mwenzi aliye ubavuni. Amin.