CV Yako ni Ushuhuda Wako

Kijana mwenzangu, iwe unaomba ukarani kwa wakala wa forodha hapo mpakani Kasesya, au unaomba serikalini kupitia Ajira Portal, CV inatangulia kufika kabla yako. Anayeisoma hakujui. Hapo unajishuhudia mwenyewe, kwa hiyo Amri ya Nane inahusika.

1. Usiongeze. Ripoti ya uhakiki aliyokabidhiwa Rais Magufuli mwezi Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, naye akaagiza waondolewe kazini. Wengine walikuwa na familia zinazowategemea. Kama umeishia kidato cha nne, andika hivyo. Kama kompyuta unaijua kidogo tu, usijiite mtaalamu. Siku ya usaili utakalishwa mbele yake.

2. Usipunguze pia. Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunaandika "sina uzoefu", tukidhani ndiyo unyenyekevu. Hebu fikiri: umekuwa mweka hazina wa VIWAWA kigangoni miaka 2. Usiandike tu "kiongozi wa vijana". Andika ulichofanya: ulitunza daftari la mapato na matumizi, ukasoma taarifa mbele ya wanachama. Huo ni uzoefu! Unaongea Kimambwe? Kiandike. Kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka, Tanzania na Zambia, na mteja atahitaji mtu wa kuelewana naye.

3. Isome kabla ya kuituma. Steshenari nyingi huchukua CV ya mteja aliyepita na kubadilisha majina. Matokeo yake unakuta shule si yako, au namba ya simu ni ya mtu mwingine. Kazi unaipata, ila anapigiwa yeye! Kurasa mbili zinatosha. Anza na elimu au kazi ya karibuni.

4. Waombe wadhamini wako kwanza. Usiandike jina la Paroko bila yeye kujua. Chagua mtu aliyekuona ukifanya kazi, si mwenye cheo kikubwa tu.

Soma Mathayo 5:37, kisha chukua CV yako na kalamu. Kila mstari ujiulize: nikiulizwa hili mbele ya Paroko na mama yangu, nitalisema bila kuona aibu? Ukisita, futa. Na kama kuna jema ulilolifanya ukaliacha, liandike leo.

Mungu akubariki katika kutafuta kwako.