Amri ya Nne Mbele ya Chumba cha Kupasulia



Mmekwisha kujifunza Amri ya nne ya Mungu, inayotuagiza kuwaheshimu baba na mama. Wengi hudhani kwamba amri hiyo ni ya watoto wadogo, ili wasikawie wanapotumwa kuteka maji au kuchunga mbuzi. Kumbe haina umri. Mtu mwenye mvi na wajukuu angali mtoto wa baba yake, tena deni lake huwa zito zaidi siku ile baba anaposhindwa kuinuka kitandani. Leo tutaitazama amri hiyo hospitalini, usiku, jamaa wakiwa wameketi mbele ya mlango uliofungwa, na mzee wao yumo ndani anapasuliwa.

Tuchukue ugonjwa mmoja unaojulikana sana vijijini, ndio ngiri. Mzee amebeba mizigo na kulima maisha yake yote. Mahali fulani chini ya tumbo, karibu na paja, nyama za ukuta wa tumbo zimelegea, na kipande cha utumbo hutokeza hapo kama uvimbe. Akilala, uvimbe hurudi ndani. Miaka inapita, naye hasemi neno, maana wazee huona haya. Halafu siku moja uvimbe haurudi tena. Umekuwa mgumu, wauma sana, mzee anatapika, hapati choo wala haachi upepo. Maana yake ni kwamba utumbo umebanwa mahali pale kama shingo ya mfuko iliyokazwa kwa kamba. Damu haiwezi kupita, na utumbo usiopata damu huanza kuoza baada ya saa chache tu. Hapo mganga ana njia moja: kupasua, kufungua pale palipobana, na kama sehemu ya utumbo imekwisha kufa, kuikata na kuunganisha ncha mbili zilizo nzima. (Tukisema mganga hapa, twamtaja yule wa hospitali aliyesomea kazi hiyo, si mlaguzi.)

Basi, saa zile chache ndizo Amri ya nne. Lakini tazameni zinavyotumiwa. Saa moja inapotea kwa kuusukuma uvimbe kwa nguvu, jambo linaloweza kupasua utumbo. Saa nyingine kwa kumpa dawa ya kuendesha, au kumtia maji ya mizizi kwa nyuma, na utumbo uliozibika huzidi kuumia. Kisha ukoo unakusanyika. Mmoja asema tumngoje kaka mkubwa aliye machimboni, kwa maana bila yeye hatuwezi kukata shauri. Mwingine asema tuulize kwanza ni nani aliyemfanyia hivi. Wote wanampenda baba, na kila mmoja anasema kwa ajili ya heshima yake. Wakati huo utumbo unakufa.

Sisi hatudharau baraza la ukoo. Ni jambo jema watu kushauriana. Lakini shauri lifanyike njiani, machela ikiwa mabegani au mzee akiwa juu ya pikipiki, ameshikwa na mwanawe nyuma yake. Kaka wa machimboni atapata habari kwa simu. Wapelekeni wagonjwa kwenye kituo cha afya, na huko muuguzi akiona hatari atawapa karatasi ya kwenda hospitali kuu. Njiani mzee asile wala asinywe, hata akiomba uji. Dawa ya usingizi humlegeza mtu mwili wote, na kama tumbo lina chakula, matapishi yanaweza kuingia mapafuni na kumwua. Mama mwenye huruma anayemnywesha mumewe uji kwa siri, gizani, hajui kwamba anamtilia hatari kubwa kuliko kisu cha mganga.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Mganga akiuliza kama wanakubali upasuaji, wana wote hujibu pamoja, na mzee mwenyewe amelala katikati yao kama mzigo uliotuliwa. Mwulizeni! Akili yake haijafungwa pamoja na utumbo wake. Mwambieni kweli, kwa maneno ya upole, ugonjwa ni nini na mganga anataka kufanya nini. Wengine humficha wakisema ataogopa. Lakini mtu aliyezika wazazi wake, na pengine watoto wake, ameona hofu nyingi kuliko ninyi. Pengine ana neno la kusema kabla ya kuingia mle ndani: deni la mtu, shamba lisilogawanywa, ndugu ambaye hajapatana naye. Mkimficha, mnamnyang'anya saa yake.

Na pengine atasema: Niitieni Padri.

Hapa watu wengi wanatetemeka. Kwa muda wa karne nyingi sakramenti hii iliitwa Mpako wa mwisho, na desturi ilikuwa kumwita Padri wakati mgonjwa amekwisha kupoteza fahamu. Ndiyo sababu mpaka leo wanawake wengine wakimwona Padri akija na mafuta huanza kulia kilio cha matanga, na mgonjwa anasikia! Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa wagonjwa, na kwamba si sakramenti ya wale tu walio ukingoni mwa kufa. Papa Paulo wa sita aliweka utaratibu mpya wake mwaka 1972. Padri humpaka mgonjwa mafuta katika paji la uso na mikononi, akimwombea neema ya Roho Mtakatifu. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, ndiye anayewaagiza Wakristo wagonjwa wawaite wazee wa Kanisa wawaombee na kuwapaka mafuta.

Swali: Je, Mkristo anaweza kupakwa mafuta kabla ya kupasuliwa?
Jibu: Ndiyo, ikiwa anapasuliwa kwa sababu ya ugonjwa mzito. Tena mzee aliyedhoofika sana aweza kupakwa hata kama hakuna ugonjwa wa hatari unaoonekana.

Swali: Akipona, kisha akaugua tena vibaya?
Jibu: Atapakwa tena.

Swali: Je, anayemwita mganga amepungukiwa na imani?
Jibu: Hapana. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kwamba mganga astahili heshima kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na papo hapo anamtaka mgonjwa asali. Mtu mwenye busara hatengi mambo hayo mawili.

Sasa mlango umefungwa. Jamaa wako nje, katika baraza ya hospitali, juu ya mikeka na vitenge. Watu husema: hatuna la kufanya ila kungoja. Si kweli, maana kukesha ni kazi.

Kazi ya kwanza mara nyingi ni damu. Muuguzi atatoka akiuliza ni nani awezaye kumtolea mzee, na ghafula wengine wanakumbuka kwamba wana safari. Mjue kwamba mtu mzima ana damu karibu lita 5 mwilini, na anayetoa hutolewa chini ya nusu lita, nayo mwili huirudisha wenyewe. Damu haifanani kwa watu wote. Karl Landsteiner, mganga wa Austria, alionyesha mwaka 1901 kwamba iko ya namna mbalimbali, na kumtia mgonjwa damu isiyopatana na yake kwaweza kumwua. Hivyo yawezekana mwana wa kuzaa asifae, na mkwe afae. Hapo ukoo usitafute maneno. Kama damu ya mwana haipatani na ya baba, haina maana kwamba si mwanawe. Maneno ya namna hiyo yamevunja nyumba za watu bila sababu yoyote.

Kazi ya pili ni kuuzuia ulimi. Usiku ni mrefu, hofu inatafuta mahali pa kukaa, na kabla ya mapambazuko imekwisha kumpata mtu: mjane wa jirani, mke mdogo, mjomba waliyegombana naye juu ya mpaka. Ni nani amemroga baba? Wapenzi, mganga ameuona utumbo uliobanwa kwa macho yake, nanyi mliujua uvimbe ule miaka mingi. Kumtaja mtu asiye na kosa ni kushuhudia uongo, na wazee wengi, hasa wanawake, wamepigwa na kufukuzwa vijijini kwa neno lililosemwa usiku mmoja kama huu. Kijana mmoja akithubutu kusema, “Wazee wangu, tuliacheni neno hilo, tusali rozari,” amemtumikia baba yake kuliko aliyeuza ng'ombe.

Ingawa ng'ombe naye ni lazima, tusijidanganye. Upasuaji una gharama, na si haki zimwangukie yule mmoja mwenye mshahara. Hesabu ifanyike mapema, kila mtoto atoe kwa kadiri yake, na jumuiya ya Wakristo ya mahali pale ialikwe kusaidia.

Kuhusu kusali: usiku ule maneno mengi hayaji. Msione haya. Bwana wetu Yezu Kristu, katika bustani ya Getsemani, aliwaomba mitume watatu wakeshe pamoja naye, nao walilala. Hakuwafukuza. Anayesinzia juu ya mkeka, rozari mkononi, hajamwacha baba.

Mzee akitoka, mfuateni muuguzi. Asipewe ugali mpaka muuguzi aruhusu, kwa maana utumbo uliopasuliwa hupumzika kwanza, na kuachia upepo ni ishara njema inayongojwa na hospitali nzima. Akiambiwa aketi na kutembea, msimzuie kwa huruma: mzee anayelala tu hupata ugonjwa wa mapafu upesi. Akikohoa, ashike kidonda kwa kiganja.

Wengine hufa, hata walioletwa mapema. Hapo msimshitaki mganga bila kujua, wala msimwulize Mungu mlikosa nini.

Limebaki swali ambalo makatekista huulizwa mara kwa mara. Itakuwaje kama mzee mwenyewe ni mkatekumeni kama ninyi? Hawezi kupakwa mafuta, kwa kuwa Ubatizo hutangulia sakramenti zote. Lakini katika hatari ya kufa hatangoji Pasaka. Kama anajua mambo makubwa ya imani, ameonyesha kwa namna yoyote kwamba ataka kubatizwa, na anaahidi kushika amri za Mungu, aweza kubatizwa pale pale kitandani. Padri asipofika kwa wakati, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda atendavyo Kanisa aweza kumbatiza, hata muuguzi, hata mwana wake: amwagie maji kichwani huku akisema kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kisha habari ipelekwe parokiani ili jina liandikwe katika kitabu cha Ubatizo. Akipona, atarudi kukaa nanyi kwenye mafundisho, amalizie aliyokuwa hajajifunza.