SOMO: Dawa za Maradhi ya Akili, Zinavyofanya Kazi na Zinavyotumiwa



Somo letu safari hii ni juu ya dawa wanazopewa wagonjwa wa akili. Jambo hili linatuhusu sisi watu wa kibarua, wa kiwandani, wa mashamba ya ndizi ya Juba na wa bandarini Kismayu, kama linavyowahusu ndugu zetu wavuvi wa visiwani. Mwenzetu akivunjika mguu tunamchangia, na nafasi yake ya kazi tunaitetea. Akiugua akili tunanyamaza. Nyumbani hufungwa mnyororo, kazini jina lake hufutwa. Na yule anayebahatika kufika hospitali akapewa vidonge, mara nyingi huvitupa baada ya wiki tatu. Ugonjwa unarudi, na watu wanasema, "Si mmeona? Dawa za hospitali hazimwezi jini." Sisi tunasema dawa hazikupewa muda wake, na mgonjwa hakuelezwa anachokunywa. Basi tueleze.

Maradhi ya akili si namna moja. Hata lugha zetu zinajua hivyo. Wasomali husema waali kwa mtu aliyepotewa na akili, anayesikia sauti zisizokuwapo au anayeamini kwamba jirani anamtilia sumu. Husema murug kwa ile huzuni nzito. Na tangu watu walipokimbia vita vya 1991 na kujazana katika makambi ya Dadaab, limeenea neno buufis, la mtu ambaye moyo umeshakwenda ng'ambo na mwili umebaki kambini. Wabajuni waliokimbilia Lamu na Mombasa miaka ile hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Hospitali nayo inatofautisha. Dawa ya mtu anayesikia sauti siyo dawa ya mtu mwenye huzuni, na kumpa huyu vidonge vya yule huenda ikawa kumdhuru. Kwa hiyo vidonge vya jirani viacheni kwa jirani, hata kama vilimponya.

Vipi zinafanya kazi

Ubongo umejaa nyuzi za neva zisizohesabika. Kati ya uzi na uzi pana nafasi ndogo sana, na habari huvuka nafasi hiyo kwa kubebwa na chembe ambazo mwili wenyewe huzitengeneza. Fikirini bahari iliyo kati ya Chula na Chovai. Mashua zinaondoka upande huu, zinavuka, zinatia nanga kwenye diko la upande wa pili, na habari imefika. Kisha mashua zinarudishwa zilikotoka. Chembe za namna moja huitwa dopamini, nyingine serotonini, na ziko nyingine nyingi.

Kwa mtu anayesikia sauti, mashua za dopamini katika sehemu fulani za ubongo huwa nyingi kupita kiasi. Kila jambo dogo linamfikia kama habari kubwa. Mtu akikohoa ni ishara, redio ikisema inamsema yeye. Dawa kama klorpromazini na haloperidoli huenda zikakaa kwenye diko lenyewe, na mashua zikakosa pa kutia nanga. Makelele hupungua. Kazi ya dawa ni hiyo, siyo kumlaza mtu, ijapokuwa usingizi huja pamoja nayo.

Kwa huzuni nzito kazi ni nyingine. Fluoksetini huzuia mashua za serotonini zisirudishwe upesi, zikabaki majini zikiendelea kufikisha habari. Amitriptilini ni ya zamani zaidi, nayo hufanya hivyo kwa serotonini na kwa chembe nyingine. Lakini tusidanganyane: mashua huzidi siku ile ile ya kidonge cha kwanza, na nafuu haiji siku hiyo. Huja baada ya wiki mbili, au nne, na pengine sita, kwa kuwa ubongo unahitaji muda kujipanga upya. Wataalamu wenyewe wangali wanabishana juu ya namna unavyojipanga.

Wala dawa hizi hazikuanzwa na watu waliokuwa wakiujua ubongo. Zilitoka kwa watu waliowatazama wagonjwa wao vizuri. Henri Laborit, daktari wa upasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa, aliitumia klorpromazini kwa watu wa kupasuliwa, akaona wanatulia wakiwa macho. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakawapa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, mjini Paris, na wodi zilizokuwa na makelele usiku na mchana zikatulia. Dawa moja ya kwanza ya huzuni ilikuwa ya kifua kikuu: katika hospitali ya Sea View, New York, mwaka huo huo wa 1952, wagonjwa wa kifua waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotazamiwa. Habari ya dopamini kwenye diko ilifuata miaka kadhaa baadaye. Mmoja wa walioieleza, Arvid Carlsson wa Sweden, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Mnyororo na fisi

Baadhi ya watu wa Somalia huamini kwamba fisi humwona jini na kumfukuza. Mwaka 2013 BBC ilitangaza kwamba familia mjini Mogadishu hulipa dola 560 ili mgonjwa wao afungiwe chumbani usiku kucha pamoja na fisi. Fedha hizo ni zaidi ya mapato ya mwaka mzima ya wengi wetu. Na haloperidoli na amitriptilini ni dawa za zamani, hazina mwenyewe tena, yaani kiwanda chochote kinaruhusiwa kuzitengeneza, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Zilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa za lazima iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1977.

Aliyepiga kelele juu ya habari ya fisi ni Abdirahman Ali Awale, ajulikanaye kama Dokta Habeb. Yeye si daktari wa akili. Ni muuguzi aliyepata mafunzo ya miezi mitatu kutoka Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2005 alifungua hospitali ya wagonjwa wa akili Mogadishu, vita vikiendelea. Mwaka uliofuata mpango wa kuondoa minyororo ukaanzia hapo: kwanza hospitalini, halafu majumbani, halafu mitaani. Tunalitaja hili kwa kuwa wengi hudhani bila profesa hakuna tiba. Muuguzi aliyefundishwa vizuri na mwenye dawa kabatini anaweza kuanza kazi.

Na shekhe je? Sisi hatuna ugomvi na kisomo. Mgonjwa asomewe Qurani na anywe vidonge vyake, hakuna kimoja kinachomzuia mwenzake. Tunachokataa ni kipigo, moshi wa kumkaba pumzi, njaa na mnyororo.

Madhara, na kazi zetu

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wagonjwa wengi wanapoachia njiani.

Haloperidoli hukaa pia kwenye madiko ya dopamini yanayoongoza mwendo wa mwili. Kwa sababu hiyo mtu huweza kukakamaa, mikono ikatetemeka, au akashindwa kutulia kitini. Tena katika siku za mwanzo, hasa kwa vijana, shingo huweza kujipinda ghafula, macho yakageuka juu, ulimi ukatoka nje. Watu wa nyumbani wakiona hivyo husema jini amekasirika, humkimbiza mgonjwa kwa mganga, na vidonge hutupwa. Jueni hilo ni dhara la dawa, nalo lina dawa yake. Hospitalini hupigwa sindano ya biperideni na shingo hurudi mahali pake kwa muda mfupi, kisha dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Lakini mgonjwa akikakamaa mwili mzima, akawa na homa kali na kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari ya kufa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Klorpromazini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza katika joto. Kwa karani wa ofisini hilo ni jambo dogo. Kwa mkata ndizi na mvuvi aliye juani tangu alfajiri ni jambo kubwa: avae kofia na mikono mirefu, anywe maji, apumzike kivulini. Dawa zinazoleta usingizi huwafaa wengi wakizinywa usiku mara moja, lakini yule aliyeanzishwa dawa wiki hii asiwekwe kwenye msumeno, kwenye winchi wala kwenye usukani. Tumewahi kuona msimamizi mmoja akimrudisha mtu kwenye mashine ya kukata siku ya pili baada ya kutoka hospitali, "ili azoee". Hiyo ni kutafuta mkono wa mtu.

Iko dawa nyingine, lithiamu, ya wale ambao mwezi mmoja hupanda juu kwa furaha na ujasiri usio na mpaka, na mwezi mwingine huzama. John Cade wa Australia aliieleza mwaka 1949. Ni dawa nzuri lakini haina mzaha: kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachotia sumu pana nafasi ndogo, na damu lazima ipimwe. Ukitoka jasho jingi, ukihara au ukikosa maji na chumvi, lithiamu huzidi mwilini. Kutetemeka sana, kutapika, kuyumba na ulimi mzito ndizo dalili. Mahali pasipo na kipimo cha damu tusikubali kupewa. Na kwa ajili ya Ramadhani, mgonjwa wa dawa yoyote kati ya hizi amwulize daktari kabla ya mwezi kuandama. Dozi nyingi zinaweza kupangwa usiku, lakini si zote, na wa lithiamu ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Dayazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, hutuliza hofu ndani ya saa moja. Ndiyo maana hupendwa, na ndiyo maana huuzwa kiholela. Ikitumiwa kila siku kupita wiki chache mwili huizoea na kuidai, na kuiacha ghafula baada ya hapo huweza kuleta degedege.

Muda

Mtu mwenye huzuni akishapona, Shirika la Afya Duniani linashauri aendelee na vidonge angalau miezi 6. Aliyekuwa akisikia sauti aendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kwisha, na wengine miaka. Hapa ndipo fikra zetu za malaria zinapotupoteza. Dawa ya malaria humalizwa kwa siku tatu na mdudu amekufa. Dawa hizi haziui kitu. Zimekaa kwenye diko tu. Zikiondoka mapema, mashua zinarudi. Na siku ya kuacha ikifika, huachwa kidogo kidogo, kwa mkono wa daktari.

Kwa mvuvi anayelala Koyama siku kumi, kumeza kila usiku ni taabu. Ipo sindano ya flufenazini iliyochanganywa na mafuta, hupigwa kwenye msuli na kutoka polepole kwa wiki mbili hadi nne. Iulizieni. Vidonge vya amitriptilini vikinywewa vingi kwa pamoja huua, kwa hiyo nyumba yenye mtu aliyekata tamaa au yenye watoto viwekwe na mtu mzima mwingine, naye atoe cha siku.

Mirungi nayo tuiseme wazi, hata kama wasomaji watatukunjia uso. Majani yake yana katinoni, ambayo husukuma dopamini nyingi majini. Yaani mgonjwa anayemeza haloperidoli usiku na kutafuna mirungi tangu adhuhuri anaziba diko kwa mkono mmoja na kushusha mashua kwa mwingine. Wanaotafuna sana, mchana na usiku, huweza kuugua hata kama hawakuwa wagonjwa. Wakubwa wa kazi wanaowapa vijana mirungi ili wapakue meli usiku kucha wanajua wanachofanya.

Maswali ya kuzungumza tawini

Kutoka unapofanya kazi, kituo cha karibu chenye haloperidoli na sindano ya mafuta kiko wapi, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani? Je, mfuko wa tawi unaweza kubeba nauli hiyo kila mwezi kwa mwenzetu mmoja? Msimamizi akisema aliyekuwa "kichaa" hana nafasi tena, nani atakwenda kumwona, na atamwambia mwenzetu apewe kazi ipi katika wiki sita za mwanzo? Majibu yaandikwe na yaletwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao.