Noah Inakunywa Mafuta: Ni Sensa ya Oksijeni Kweli?

Fundi, nina Noah ya 1998, injini 3S-FE. Taa ya injini imewaka na inakunywa mafuta kupita kiasi. Nimeambiwa ninunue sensa ya oksijeni. Ndiyo yenyewe?

Huenda, lakini usitoe hela bado. Sensa hiyo imechomekwa kwenye bomba la moshi ili inuse oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Kontrol boksi inaitegemea ili ichanganye takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Hewa ikizidi, sensa hutoa karibu volti 0.1, petroli ikizidi, hupanda hadi 0.9. Sensa nzima haitulii, inapanda na kushuka muda wote. Iliyochoka ikiganda huku chini, kontrol boksi hudhani petroli haitoshi na kuzidi kumwaga. Hapo ndipo tangi linapoisha kabla ya siku zake.

Sina mashine ya kusomea makosa. Nifanyeje?

Toyota nyingi za umri huo hujisema zenyewe. Tafuta kisanduku cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Gari likiwa limezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kupiga stata, uiangalie taa ya injini. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, kisha mara moja, hiyo ni 21: saketi ya sensa ya oksijeni.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Namba 25 maana yake hewa imezidi, na 26 petroli imezidi. Mtu akiona mojawapo anakimbilia dukani kununua sensa, kumbe iliyopo inasema kweli tupu! Mpira wa hewa umepasuka, presha ya pampu imeshuka, au nozeli inavuja. Mara nyingine ekzosi ndiyo inayovuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, na sensa inanusa oksijeni ambayo haikupita kwenye injini kabisa. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, mwambie mtu apige stata, nawe tega sikio karibu na gesketi ya menifoldi. Ukisikia tik-tik inayopungua kadiri chuma kinavyopata moto, na ukaona masizi meusi pembeni ya gesketi, umeshampata mchawi. Gesketi ni bei ndogo kuliko sensa.

Nina multimita. Napima waya zipi?

Ukikuta waya nne kwenye sensa ya Denso, nyeusi mbili ni za hita, bluu inapeleka taarifa, nyeupe ni hasi yake. Hita ipo kwa sababu sensa haielewi kitu mpaka ifike karibu nyuzi 300. Chomoa soketi, pima kati ya zile nyeusi mbili injini ikiwa ya baridi: kwa kawaida utapata ohmu 11 hadi 16. Mita isiposoma chochote, hita imekatika, na hapo nunua bila wasiwasi.

Hita ikiwa nzima, rudisha soketi, pasha injini moto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mbili, kisha pima kwenye waya wa bluu. Volti zinatakiwa kuvuka 0.45 kwenda na kurudi, mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Zikijivuta, sensa imezeeka.

Kubadilisha naweza mwenyewe?

Unaweza, ila injini ya Noah imelala chini ya viti vya mbele, kwa hiyo utafanya kazi juu na chini. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake. Chungulia kwanza kabla ya kununua: kuna sensa za flenji zinazoshikwa na nati mbili za spana 12, na kuna zinazofungwa kama plagi kwa spana 22. Usiku wa kuamkia kazi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu. Chomoa soketi kwanza, usije ukasokota waya, na legeza bomba likiwa vuguvugu.

Mpya isidondoke, ndani yake ni kauri. Grisi ya kuzuia kushika huenda kwenye meno tu, isiguse kichwa. Silikoni ya kuzibia weka mbali kabisa, mvuke wake unaiua sensa. Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kosa lifutike.

Kariakoo wameniuzia ya mtumba kwa bei poa. Kuna ubaya?

Sensa yenye hita hutarajiwa kufika takriban kilomita 160,000, na hiyo ya mtumba huenda imeshazimaliza huko Japani. Mimi sifungi. Afadhali mpya ya kuunganisha waya, lakini ziunganishe kwa vibanio, usichomelee kwa risasi: sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zake.

Yangu ni CR40 ya dizeli, nayo inakula mafuta.

Hiyo haina sensa hii. Anza na nozeli na pampu.

Nilifunga mpya mwaka jana, imekufa tena. Ni feki?

Inawezekana, lakini chungulia kichwa chake. Zamani muuaji mkuu alikuwa petroli yenye risasi, iliyoondolewa nchi za kusini mwa Sahara kufikia 2006. Siku hizi ni oili. Ukikuta tabaka la majivu meupe au rangi ya kahawia, na gari linatoa moshi wa bluu asubuhi, badilisha sili za valvu kwanza.